SOMO LA AFYA: Saratani ya Virusi na Tiba ya Mionzi



Wako watu wasemao, "Ukipelekwa kwenye mionzi, umekwenda kufa." Maneno hayo si kweli. Leo tujifunze kwa nini saratani zote haziitikii mionzi kwa namna moja.

1. Saratani ni nini?
Mwili umejengwa kwa chembe ndogo sana. Kila chembe ina maagizo ya kukua. Pia ina mlinzi. Maagizo yakiharibika, mlinzi huisimamisha chembe ili ijitengeneze. Ikishindwa, huiamuru ife. Mlinzi akikosekana, chembe mbovu huongezeka ovyo. Hiyo ndiyo saratani.

2. Tumbaku na virusi
Moshi wa tumbaku mara nyingi huharibu maagizo ya kumtengeneza mlinzi. Ni kama shamba ambalo mlinzi wake ameuawa. Virusi vya papiloma huyaacha maagizo hayo mazima, lakini kila mlinzi anapotokea humkamata. Virusi hivi huenezwa kwa kujamiiana. Ndivyo vinavyoleta karibu saratani zote za shingo ya kizazi.

3. Kazi ya mionzi
Mionzi hukata maagizo ndani ya chembe. Chembe zenye virusi ni dhaifu katika kujitengeneza. Tena, walinzi wachache walioponyoka huweza kuziamuru zife.

Utafiti wa saratani ya koo uliotolewa Marekani mwaka 2010 ulionyesha tofauti hiyo. Wagonjwa wote walipewa mionzi na dawa. Baada ya miaka 3, wenye virusi walikuwa hai 82 katika kila 100. Wasio na virusi walikuwa hai 57.

4. Tufanye nini?
(a) Mama akitokwa na damu baada ya kujamiiana, au baada ya kukoma hedhi, aende zahanati upesi. Asingoje maumivu. Mwanzoni saratani hii haiumi.
(b) Akipelekwa Ocean Road, Dar es Salaam, au Bugando, Mwanza, asikatishe tiba. Yafaa tiba yote ya mionzi imalizike katika wiki 8. Siku zikipotea, chembe zilizobaki huongezeka tena. Jamaa wamsaidie nauli na kazi za shamba.
(c) Mvuta sigara aache. Sigara hupunguza nafasi ya kupona.
(d) Wasichana wa miaka 9 hadi 14 wapate chanjo. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018.

Maswali
1. Mlinzi wa chembe hufanya kazi gani?
2. Kwa nini mgonjwa asikatishe tiba ya mionzi?