Dada, nichukue mkopo wa sacco?

Mwalimu wa hesabu kutoka Bungoma ameniandikia kwa furaha hadi herufi zinarukaruka. Shule moja ya Texas inamtaka. Mshahara ameugeuza kuwa shilingi, akaulinganisha na ule anaolipwa na tume ya walimu, TSC, akakosa usingizi. Wakala naye anataka nusu ya ada ifikapo Ijumaa. Achukue mkopo?

Ngoja kwanza, mdogo wangu.

Mshahara huo usiulinganishe na wa Bungoma, maana hutanunua unga Bungoma. Ulinganishe na wa mwalimu wa darasa la jirani huko huko Texas, mwenye shahada na miaka ya kazi kama yako. Wilaya nyingi za shule Marekani huchapisha jedwali la mishahara; lisome mwenyewe, usisomewe na wakala. Viza ya J-1, ambayo walimu wageni wengi huitumia, inataka ulipwe sawa na wenzako wa hapo. Si hisani.

Sasa hiyo ada. Kuanzia 2007, walimu wapatao 350 wa Ufilipino walipelekwa Louisiana, na wakala akawatoza takriban dola 16,000 kila mmoja. Walilipa awamu ya kwanza, isiyorudishwa, ndipo wakadaiwa nyingine. Ukishakopa ya kwanza, utarudi nyuma vipi? Mwaka 2012 mahakama moja ya California iliwapa fidia ya dola milioni 4.5, lakini riba ya mikopo waliyochukua ilikuwa imekwisha kula miaka yao. Huko Maryland, mwaka 2011, kaunti ya Prince George's ilikubali kuwarejeshea walimu wa kigeni zaidi ya 1,000 dola milioni 4.2, kwa kuwa gharama za viza ya kazi ya H-1B ni mzigo wa mwajiri. Kwa hiyo uliza: viza yangu ni ipi? Kwenye J-1 ada za shirika linalodhamini viza mara nyingi humwangukia mwalimu, basi kila senti iandikwe kwenye mkataba kabla hujatia sahihi.

Ila machozi yenyewe ni ya mwezi wa kwanza. Unafika Julai, na mshahara huenda usiuone hadi mwisho wa Agosti au Septemba. Mwenye nyumba anataka kodi na amana, tena anataka historia ya mikopo ambayo wewe huna, hata kama sacco yenu inakusifu. Mji mdogo hauna matatu. Bila gari hufiki shuleni. (Mimi nilipofika Marekani nililala wiki mbili kwenye godoro la upepo. Mgongo usiuulize.) Mwulize mwajiri bila haya: nauli ni ya nani, wiki za kwanza nalala wapi, naweza kupata sehemu ya mshahara mapema?

Na huyo wakala wa Ijumaa, hebu hakikisha leo kama amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, kabla hujawaita wadhamini wako wa mkopo watie sahihi. Nao wana karo za kulipa.