Simu Moja, Wanafunzi 74

Wenzangu wa ualimu mnaojiandaa kwenda TP, kabla hamjajaza video kwenye fleshi zenu naomba niwasimulie yaliyonikuta.

Nilipangiwa shule moja ya kata upande wa Butiama. Mimi ni mzaliwa wa Bunda, kwa hiyo nilikwenda kwa kujiamini kama mtu anayerudi nyumbani, laptopu begani na spika ya bluetooth mkobani. Projekta ya shule niliikuta kabatini, nzima kabisa, ila waya wake uliazimwa na hakuna aliyekumbuka na nani. Nikabaki na simu yangu na kidato cha pili, watu 74.

Wengi wa watoto wale wanaongea Kizanaki, Kijita au Kikurya nyumbani. Kiswahili wamekikomaza shule ya msingi, halafu kidato cha kwanza wanakuta karibu masomo yote ni kwa Kiingereza, lugha yao ya tatu. Watu hupenda kuwapa moyo kwa mfano wa Mwalimu Nyerere, Mzanaki wa Butiama aliyeanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, na baadaye akatafsiri tamthilia za Shakespeare kwa Kiswahili. Ni mfano mzuri, lakini wanaoutaja husahau kwamba Mwisenge alikaa bweni. Wangu wanasikia Kiingereza dakika 40 za kipindi, kengele ikilia wanarudi kuchota maji na kuchunga.

Kwa hiyo tatizo la kwanza lilikuwa masikio. Wiki ya kwanza niliwawekea mazungumzo ya Waingereza wakiwa kituo cha treni. Darasa lilitulia kimya, nikafurahi, kumbe hakuna aliyeambulia kitu. Treni zenyewe hawajawahi kupanda, Mara haina reli.

Nikaacha kutafuta sauti za mbali, nikafungua kinasa sauti cha simu. Jioni nilijirekodi nikisoma kifungu cha maneno kama 70 kuhusu mambo wanayoyajua: dagaa wanaoshushwa mwaloni Mwigobero, basi lililoharibika njia ya Bunda, mgeni anayetembelea Makumbusho ya Mwalimu Nyerere. Kesho yake wanasikiliza mara tatu. Mara ya kwanza hakuna kushika kalamu. Ya pili kila mmoja anaandika maneno aliyoyanasa. Ya tatu wanakaa sita sita na kukijenga kifungu upya kwa maneno yao. Hapo ndipo kelele zinapoanza, na ni kelele nzuri, maana mmoja kanasa kitenzi, mwingine kanasa jina, wanabishana. Haihitaji bando wala projekta. Simu ichajiwe tu usiku, na spika iwekwe katikati ya darasa, siyo mbele, la sivyo waliokaa nyuma watapiga stori.

Baada ya hapo kila kikundi kinarekodi kifungu chake. Na hapa ndipo nilipoharibu.

Kwetu Mara r na l huwa tunazibadilisha, hata mimi nikikasirika hunitoka. Binti mmoja alirekodi sentensi akitaka kusema anapenda wali, rice. Ikatoka lice, yaani chawa. Nikaipiga kwa spika, darasa zima, nikidhani ni mfano mzuri wa kufundishia. Kiukweli nilicheka mimi kwanza. Wiki nzima iliyofuata yule binti hakufungua mdomo kwenye kipindi changu, na madaftari nilipoyakusanya nikaona ameacha hata kuandika kazi ya kikundi.

Kwenye kozi yetu tumefundishwa jinsi ya kutengeneza slaidi. Sikumbuki kipindi hata kimoja cha kujadili nani asikilize sauti ya mwanafunzi, na kwa ruhusa ya nani. Nikamwita pembeni, nikamwomba radhi, nikafuta ile sauti mbele yake. Halafu nikabadili utaratibu: anayerekodi anasikiliza kwanza peke yake kwa iyafoni, anafuta na kurudia atakavyo, na ni yeye anayeamua kama darasa lisikie. Wengine walirudia mara saba. Fikiria mtoto anayetamka sentensi moja ya Kiingereza mara saba bila kulazimishwa! Kwa watu 74 simu moja haitoshi, nakubali. Nilikuwa nikichukua vikundi viwili kwa siku, muda wa maandalio ya jioni, na kumaliza mzunguko mmoja kulichukua wiki na zaidi.

Walimu wenyeji waliniuliza kwa nini nahangaika, na swali lao si la kipuuzi. Mtihani wa taifa wa Kiingereza ni wa kuandika, hauna karatasi ya kusema. Niliwajibu kwamba mwalimu wa Baiolojia anafundisha kwa kusema, na mtoto asiyesikia hana cha kuandika.

Wanafunzi hawaruhusiwi simu shuleni, lakini nyumbani wazazi wengi wana kitochi chenye memori kadi. Bunda stendi kuna vijana wanaoingiza nyimbo kwenye kadi hizo. Niliwapelekea vifungu vyangu, wakaniingizia kwa pesa ileile ya nyimbo. Angalizo moja: vitochi vingi havifungui faili la kinasa sauti cha simujanja, liombe ligeuzwe kuwa MP3 kwanza. Sauti ya dakika moja haina uzito, inakaa hata kwenye kadi ndogo iliyojaa kwaya na bongofleva.

Wiki ya mwisho yule binti alileta kadi ya mama yake.

"Madam, uniwekee na yangu. Ile ya juzi."

Nikamwuliza kama anataka aisikilize tena kwanza. Akachukua simu, akavaa iyafoni, akashuka taratibu kwenye orodha nzima ya sauti hadi chini kabisa. Nilijua anatafuta ile ya chawa. Hakuikuta, akanirudishia simu.