Tabaka la Nje la Figo na Ukimya Wake

Figo likipasuliwa kwa urefu, huonekana sehemu mbili zilizo wazi kwa macho. Ya ndani imegawanyika katika piramidi. Ya nje, iliyo chini ya utando unaolifunika figo, ni tabaka lenye unene wa takriban sentimita 1, nalo huitwa koteksi.

Koteksi ndiyo makao ya machujio yote ya figo. Kila figo lina nefroni zipatazo milioni 1, na kila nefroni huanza na kifundo cha mishipa midogo sana ya damu kiitwacho glomeruli. Mafigo mawili hupokea takriban moja ya tano ya damu inayosukumwa na moyo, na sehemu kubwa ya damu hiyo hupitia kwenye koteksi. Kwa siku moja huchujwa hapo lita zipatazo 180 za majimaji. Mirija ya nefroni hurudisha karibu yote katika damu, pamoja na sukari na chumvi zinazohitajika. Kinachotoka kama mkojo ni lita 1 hadi 2 tu.

Seli za koteksi pia hutengeneza erithropoietini, homoni inayouchochea uboho kuzalisha chembe nyekundu. Ndiyo sababu wagonjwa wengi wa figo hupungukiwa damu, na vidonge vya madini ya chuma pekee huenda visiwatoshe.

Nefroni iliyokufa haizalishwi upya, na kifo chake hakiumi. Kisukari na shinikizo la juu la damu huharibu glomeruli kwa miaka mingi kimyakimya. Zinazobaki hubeba mzigo wa zilizokufa, nazo huchakaa mapema. Maumivu ya kiuno, ambayo wengi huyadhania kuwa ya figo, mara nyingi hutokana na misuli au uti wa mgongo. Hatari huja pale mwenye maumivu hayo anapomeza diklofenaki au ibuprofeni kila siku, kwani dawa hizo zaweza kupunguza damu inayoingia kwenye glomeruli.

Basi, mwenye kisukari au shinikizo la damu asisubiri maumivu. Apimwe albumini katika mkojo na kreatinini katika damu angalau mara moja kwa mwaka. Mtoa huduma naye akumbuke kwamba kreatinini yaweza kuonekana ya kawaida hata baada ya nefroni nyingi kupotea. Mara nyingi albumini ndiyo hutangulia kutoa taarifa.