Kukata Maua Yaliyonyauka: Somo kwa Wenye Bustani za Pwani

Mkazi hununua mche wa mwaridi kando ya barabara ukiwa umejaa maua. Huupanda, huumwagilia kila siku, na baada ya miezi michache mche una majani tele lakini ua ni moja moja. Lawama huangukia mchanga, jua kali au muuza miche. Mara nyingi sababu ni nyepesi zaidi: maua ya kwanza yaliponyauka hayakukatwa.

Kwa nini yakatwe

Mmea hauchanui ili kupamba nyumba. Huchanua ili upate mbegu. Ua likishachavushwa, petali hudondoka na mbegu huanza kukua. Kuanzia hapo chakula kingi cha mmea huelekezwa kwenye mbegu, na mimea mingi hupunguza kuchanua. Ua likikatwa kabla mbegu hazijajaa, mmea hujaribu tena kwa kutoa machipukizi na maua mapya.

Wakati wa kaskazi, kaya nyingi hununua maji kwa mtungi. Mwenye bustani anayeacha maua makavu kwenye mti huishia kutumia maji hayo kulisha mbegu asizozihitaji.

Namna ya kukata

Kung'oa petali pekee hakutoshi. Sehemu inayobeba mbegu iko chini ya petali, na hubaki kwenye kikonyo.

Kwa mwaridi, mkato ushuke hadi juu ya jani lenye vijani 5 linaloelekea nje ya kichaka. Ukatwe kwa mshazari, takriban nusu sentimita juu ya jani hilo. Chipukizi litatokea hapo na kukua kuelekea nje, ambako kuna mwanga na hewa. Kwa kawaida maua mapya huonekana baada ya wiki 6 hadi 8.

Kwa zinia, dalia na marigoldi, ua likatwe pamoja na kikonyo chake hadi kwenye majani yanayofuata chini.

Mkasi au kisu kiwe kikali, na kifutwe kwa spiriti kabla ya kuhamia mmea mwingine, ili ugonjwa usisafiri na chuma.

Mimea isiyohitaji kazi hiyo

Si kila mmea unahitaji kukatwa maua. Ua la haibiskasi hudumu siku moja hivi, kisha hudondoka lenyewe. Vinka na msanapichi pia huangusha maua yake. Bugainvilia hupunguzwa ncha za matawi baada ya rangi kufifia. Kile kinachoitwa ua ni majani yaliyogeuka rangi, na ua halisi ni dogo jeupe lililo katikati. Mmea huu ukimwagiliwa kupita kiasi hutoa majani mengi na rangi kidogo.

Asumini huchumwa jioni ikiwa bado tumba, kwa ajili ya vikuba na makoja, kwa hivyo maua machache hubaki kunyaukia mtini. Kwa kuwa huchanua kwenye machipukizi mapya, inatosha kupunguza ncha zake kila wimbi la maua linapokwisha.

Tahadhari: oleanda ina sumu katika kila sehemu yake. Anayeipogoa avae glavu, anawe mikono, asichome matawi yake, na asiyaache mahali watoto au mbuzi wanapoweza kuyafikia.

Msimu kwa msimu

Januari hadi Machi, wakati wa kaskazi: jua ni kali na mvua ni haba. Maua makavu yakatwe, lakini matawi makubwa yaachwe, kwa sababu majani hukinga shina dhidi ya jua. Maji yamwagwe kwenye shina asubuhi na mapema au jioni. Majani makavu au makumbi ya nazi yakitandazwa juu ya udongo hupunguza maji yanayopotea. Maji yaliyosuuzia mboga au mchele yanafaa pia.

Mwisho wa Machi, kabla ya masika: huu ndio wakati wa kupogoa kwa kina na kuongeza samadi iliyooza vizuri. Machipukizi yatakutana na mvua.

Aprili na Mei: unyevu huleta ukungu. Maua yaliyooza yaondolewe haraka, na matundu ya vyungu yasizibe. Kupogoa kwa kina kungoje siku kavu.

Juni hadi Septemba, wakati wa kusi: joto hupungua na mimea hupumzika kidogo. Maua yaliyonyauka yakaguliwe mara moja kwa wiki.

Oktoba hadi Desemba, wakati wa vuli: miche mipya ipandwe mvua zinapoanza, ili mizizi ishike kabla ya kaskazi.

Mwaka mzima, visahani vya chini ya vyungu vimwagwe maji na kusuguliwa angalau mara moja kwa wiki. Mbu wanaoeneza dengi na chikungunya huzaliana katika maji machache ya namna hiyo, na yai huweza kuwa mbu kamili kwa muda wa siku 7 hadi 10.

Mbegu za msimu ujao

Msimu wa maua unapokaribia kwisha, vichwa vichache vya zinia na marigoldi vyenye afya viachwe bila kukatwa. Vikikauka kabisa, mbegu zitolewe, ziwekwe katika bahasha ya karatasi na kuhifadhiwa mahali pakavu. Nazo zikiota, mwenye bustani hatahitaji kununua miche.

Zoezi la nyumbani

Chagua miche miwili ya zinia inayolingana, iliyopandwa mahali pamoja na inayopata maji sawa. Mmoja ukatwe maua yaliyonyauka kila wiki, mwingine uachwe. Baada ya mwezi mmoja, hesabu maua mapya ya kila mche. Watoto wa shule wanaweza kuweka hesabu hiyo kwenye daftari.

Mkazi anayeona madoa, ukungu au wadudu asiowajua anaweza kuchukua jani moja lililoathirika na kumwonyesha afisa wa kilimo wa wadi yake.