Kabla Hujaita Kijiko Mlangoni mwa Mto

Masika ikipita, ombi la wakazi wa bondeni huwa lile lile: leteni kijiko, ile mashine ya kuchimba. Mto umejaa tope, mitaro haipitishi maji, na watu wamechoka kupandisha magodoro juu ya kabati. Ukiwaambia wasubiri, wanakuona adui. Hata hivyo nakuomba usubiri kidogo, iwe wewe ni mwenyekiti wa mtaa, afisa mazingira wa halmashauri au mhandisi uliyepewa kazi. Tope la mlangoni mwa mto wa mjini limefungia mambo ndani yake, na ukilifumua ovyo hutoka yote kwa mpigo.

Nauchukua mto Msimbazi wa Dar es Salaam uwe mfano. Unashuka kutoka vilima vya Pugu, unapita Vingunguti, Tabata, Kigogo na Jangwani, kisha unaingia baharini penye daraja la Selander. Ni mwendo wa kilomita 35 hivi, na njiani unapokea maji ya machinjio, ya mabwawa ya majitaka, ya gereji na ya viwanda, bila kuhesabu taka tunazotupa wenyewe usiku. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya kulitengeneza bonde lake, kwa hiyo habari ya kuchimba tope hapa si ya nadharia. Nitakayosema yanafaa pia Mombasa, kwenye hori la Makupa, ambako dampo la Kibarani lilikaa miaka mingi ukingoni mwa maji.

Anza kwa kujua unachimba nini. Mto ukipunguza kasi huangusha mchanga kwanza. Chembe laini za udongo wa mfinyanzi huendelea na safari hadi zikutane na maji ya chumvi. Hapo hushikana, zikawa vibonge, zikazama. Ndiyo maana tope laini limejaa mlangoni kuliko juu, na sumu nayo hupenda chembe laini: risasi, zinki, shaba, kadmiamu na mafuta ya mashine hung'ang'ania udongo laini na mabaki ya mimea. Mchanga mkavu wa Jangwani na tope la Selander ni vitu viwili tofauti, ingawa mkataba wa mkandarasi utaviita vyote "mashapo" na kuvilipia bei moja.

Kipimo cha kwanza hakina gharama. Chukua chupa ya maji ya lita moja, tia tope mpaka theluthi, jaza maji ya bomba, tikisa sana, weka chini. Mchanga utatua kabla hujahesabu sitini. Tabaka la katikati huchukua saa moja au zaidi. Maji yakiwa bado kama chai ya maziwa kesho yake asubuhi, una mfinyanzi mwingi, na hapo ndipo pesa za maabara ziende. Usitumie maji ya bahari kwa kipimo hiki. Chumvi itaangusha chembe mapema na utadanganyika.

Sasa kuhusu harufu. Kila anayekanyaga pale maji yakipwa hulalamikia uvundo wa mayai viza na ule weusi unaoganda miguuni. Weusi huo ni madini ya chuma yaliyoungana na salfa mahali pasipo na hewa, na salfa hiyo hiyo ndiyo inayoikamata risasi, shaba na zinki zisiyeyuke majini. Ukitaka kuona kwa macho, zamisha bomba la plastiki kwenye tope, litoe, sukuma tope likae juu ya ubao. Juu kabisa kuna ngozi nyembamba ya kahawia, haizidi unene wa ganda la chungwa, kisha chini yake weusi mtupu. Liache juani. Jioni weusi wa nje umeshageuka kijivu, kisha kahawia. Hewa imeingia, salfa inaungua polepole na kuwa tindikali, na metali zilizokuwa zimefungwa zinaanza kuachiliwa. Ule weusi tunaouchukia ndio kufuli. Kijiko kinapolitandaza tope ukingoni likauke, kinalivunja kufuli hilo.

Zebaki ina kesi yake. Kwenye tope lisilo na hewa vijidudu huweza kuigeuza iwe zebaki ya kikaboni, inayopanda kutoka kwa mdudu hadi samaki hadi mezani. Ukiipata, usifanye jambo bila mtaalamu.

Kuchukua sampuli si kazi ya kifundi sana, ila inataka nidhamu. Nenda siku ya bamvua, maji yakiwa yamepwa mno, ufike mbali. Beba ubao mpana wa kusimamia, maana tope hilo humeza mtu hadi mapajani, na usiende peke yako. Vaa buti na glavu. Mwenye kidonda abaki nchi kavu. Bomba la plastiki la inchi mbili, urefu mita moja na nusu, linatosha. Lisukume taratibu likiwa limenyooka. Likigoma, jaza maji sehemu iliyobaki juu, ziba kwa kizibo kisichopitisha hewa, kisha livute. Tope litabaki ndani kama soda kwenye mrija uliozibwa kwa kidole. Ziba chini kabla halijatoka majini. Ukifika nchi kavu, lisukume nje kwa mti uliofungwa kitambaa safi, ulikate kila sentimita kumi. Tabaka la chini mara nyingi ni la kale kuliko la juu, na likiwa limetangulia viwanda litakuonyesha udongo wa hapa ulikuwaje kabla hatujauchafua. Hicho ndicho kipimo chako bora cha usafi.

Kwa metali tumia kijiko cha plastiki na mfuko safi wa plastiki. Kwa mafuta na viuatilifu fanya kinyume: chupa ya glasi, kifuniko kikiwa na karatasi ya alumini. Andika lebo kwa penseli, kwani wino huyeyuka kwenye barafu, nami nimewahi kurudi na mifuko kumi na miwili isiyojulikana ni ya wapi. Weka kwenye barafu, ifike maabara siku hiyo hiyo. Usichukue penye weusi tu. Chukua juu ya mto, chini ya kila mtaro mkubwa, na mahali pamoja unapoamini ni safi.

Maabara ukiiomba metali peke yake umepoteza pesa. Omba na asilimia ya chembe laini, na kiasi cha mabaki ya mimea. Wataalamu wa mwambao wa Marekani waliweka viwango vinavyotumika sana duniani: kwa risasi, miligramu 46.7 kwa kilo ya tope kavu ni mpaka ambao chini yake viumbe wa tope hudhurika kwa nadra, na 218 ni mpaka ambao juu yake hudhurika mara nyingi. Kwa zebaki ni 0.15 na 0.71. Vitumie kama taa ya tahadhari, si kama sheria. Na angalia mtego: tope lako likisoma risasi 40 na nusu yake ni mchanga, ile nusu laini huenda imebeba karibu 80. Mchanga umekupunguzia namba, haujakupunguzia sumu.

Kipimo kingine, ambacho wakandarasi hukisahau kwa hiari, kinauliza tope likitibuliwa litaachia nini. Changanya sehemu moja ya tope na nne za maji ya pale pale, tikisa nusu saa, acha litue saa moja, pima maji ya juu. Hayo ndiyo maji ambayo kaa na kamba watayanywa siku ya kuchimba.

Majibu yakifika, una njia tatu, na ya kwanza ndiyo inayodharauliwa: kuacha. Pale ambapo tope halizibi njia ya maji, na tope jipya safi linaendelea kulifunika, muda utafanya nusu ya kazi bila tenda. Mikoko ikiwepo, iachie. Mizizi ya mchu inayochomoza kama vidole hutuliza maji na kulishika tope mahali pake. Ukikata ili mashine ipite umeondoa mlinzi kisha ukalipa pesa za kuajiri mwingine. Tena misitu ya mikoko ni hifadhi, na kibali chake hakitoki kwa mwenyekiti wa mtaa.

Njia ya pili ni kufunika kwa mchanga safi, tabaka la sentimita 30 au 50. Hufaa kwenye mahori yaliyotulia. Mdomoni mwa Msimbazi mafuriko ya msimu mmoja yanaweza kuubeba mchanga wote, kwa hiyo siipendekezi hapo.

Njia ya tatu ni kuondoa, na mara nyingi italazimu, kwani watu hawawezi kuishi majini. Basi ondoa kwa akili. Chimba kiangazi, siku za maji mafu, mkondo ukiwa dhaifu. Tumia ndoo inayojifunga, na dereva asikimbizane na saa. Pazia la kuzuia tope linaloning'inizwa majini ni zuri penye maji yaliyotulia. Kwenye mkondo wenye nguvu huinuliwa kama shuka kwenye kamba, likabaki pambo la picha za ripoti. La muhimu kuliko yote, mchanga na tope laini visichanganywe. Mchanga wa sehemu za juu ukioshwa na kupimwa unaweza kujenga barabara. Hamburg wana kiwanda cha kutenganisha tope la bandari yao tangu 1993, lakini kanuni yake ni ile ile ya chupa yako ya lita moja.

Tope laini lililochafuka lihifadhiwe, na ikiwezekana chini ya maji. Rotterdam, ambako tope la mto Rhine lilikuwa limejaa metali, walijenga shimo kubwa ukingoni mwa bahari mwaka 1987, liitwalo Slufter, lenye kina cha mita 28 chini ya usawa wa bahari. Humo kufuli la salfa halivunjiki. Minamata, Japani, walichagua njia nyingine: kati ya 1977 na 1990 walilizungushia ukuta tope lenye zebaki, wakalifunika kwa udongo safi, na leo ni hekta 58 za nchi kavu. Sisi hatuna fedha hizo, ila tunaweza kuwa na bwawa lililotandikwa mfinyanzi, juu ya kiwango cha mafuriko, lenye mfereji wa kukusanya maji yanayochuruzika.

Tusichoruhusu ni lori kwenda "kujaza viwanja". Nimeona tope la mto likimwagwa nyuma ya nyumba kwa elfu ishirini kwa tripu, na miezi mitatu baadaye pale pale pameota matembele mazuri ajabu, yanauzwa kwa fungu. Andika kwenye mkataba tope linakwenda wapi, na malipo yatoke baada ya stakabadhi ya huko, si baada ya lori kuondoka mtoni.

Huku ukichimba, panda juu ya mto. Watu wa Rotterdam hawakuishia kwenye shimo. Walipima Rhine hatua kwa hatua, wakawafikia wenye viwanda hadi Ujerumani wakiwa na namba mkononi, wakapata makubaliano ya kupunguza uchafu. Tope likawa safi zaidi, na Slufter ikajaa polepole kuliko walivyohofia. Sampuli zako za chini ya kila mtaro zinakupa mwanzo kama huo: mtaro ambao tope lake lina kromiamu nyingi kuliko ya jirani zake una anwani.

Mwaka mmoja baada ya kijiko kuondoka, rudi na bomba lako siku ya bamvua, mahali pale pale. Kata sentimita kumi za juu peke yake, uzipeleke maabara ile ile kwa vipimo vile vile.