SOMO: KWA NINI JIKO LETU LINAPASUKA KWENYE MATUNDU?



Mama mmoja alinunua jiko letu la makaa sokoni. Hata mwezi haukuisha akalirudisha, limepasuka. Tulimrudishia pesa zake, na faida ya siku hiyo ikaenda. Tukakaa chini tukalichunguza: ufa ulianzia kwenye tundu la majivu. Hebu tujifunze sababu.

Jiko la aina hii lilienea Kenya kuanzia miaka ya 1980, mfano wake ukiwa jiko la ndoo la Thailand. Lina vitu viwili vilivyounganishwa: bati la nje na chungu cha ndani cha udongo uliochomwa. Kila kitu kikipata moto hupanuka, lakini si sawasawa. Kwa joto lile lile, chuma hupanuka kama mara mbili ya udongo. Tena ndani ya chungu makaa yanawaka, na upande wa nje bado haujashika moto. Huku panasukuma, kule panakataa. Huo ndio mkazo wa joto.

Tundu nalo huongeza taabu. Mkazo hauwezi kupita mahali patupu. Unalizunguka tundu na kurundikana ukingoni. Mwaka 1898 mhandisi Mjerumani, Kirsch, alionyesha kwa hesabu kwamba bamba pana lenye tundu dogo la duara likivutwa, ukingo wa tundu hupata mkazo mara tatu. Tundu lenye kona kali ni baya zaidi.

Sasa tufanye nini?

1. Matundu yawe ya duara. Tuyatoboe udongo ukiwa umekauka nusu, kisha tulainishe kingo kwa kidole chenye maji.

2. Chungu kikauke polepole kivulini kabla ya kuchomwa.

3. Kati ya bati na chungu tujaze saruji iliyochanganywa na vamikulaiti, yale madini mepesi yanayozuia joto. Saruji tupu ni ngumu mno, haibonyei.

4. Tumwambie mnunuzi: moto wa kwanza uwe mdogo, na makaa yasizimwe kwa maji ndani ya jiko.

Maswali ya kuzungumzia:

(a) Majiko yaliyopasuka kwetu, ufa ulianzia wapi?

(b) Nani kati yetu atakagua matundu kabla jiko halijaenda sokoni?

Jiko moja likirudi, pesa zinazopotea ni zetu sote.