Mtoto Alalaye Kinywa Wazi



Katika ziara zetu tulikutana na kijana wa miaka saba, uso mrefu, mdomo wazi mchana na usiku, meno ya juu yamebanana. Shuleni husinzia, anaitwa mvivu. Nyanya yake alisema, "Ah, amefanana tu na marehemu babu yake." Jirani naye alitaka apelekwe kukatwa kimeo. Tuliketi tukaongea nao.

Hebu jaribuni hili. Kata bua la jani la mpapai, vuta hewa kupitia ndani yake. Halafu tumia bua jembamba. Si mnaona kazi yake? Bomba likipungua upana kwa nusu, ugumu wa hewa kupita si mara mbili, ni karibu mara 16. Sasa fikirini koo la mtoto.

Nyuma ya pua kuna nyama laini iitwayo adenoidi, inayosaidia mwili kupigana na magonjwa. Kwa watoto wadogo huwa kubwa, halafu hunywea wanapokaribia utu uzima. Ikivimba kupita kiasi njia ya pua huziba, na mtoto hana budi kupumua kwa kinywa. Hapo ndipo uso unapoingia. Kinywa kikifungwa, ulimi hugusa kaakaa na kulisaidia taya la juu kupanuka. Kinywa kikikaa wazi ulimi hushuka. Miaka ikipita taya la juu laweza kubaki jembamba, kaakaa likainuka kama paa, meno yakakosa nafasi. Taya la chini likikaa nyuma, ulimi nao husogea kuelekea kooni, na nafasi ya hewa inapungua tena.

Daktari Sten Linder-Aronson wa Uswidi aliandika habari hizi mwaka 1970. Baadaye aliwafuata watoto waliotolewa adenoidi. Waliorudia kupumua kwa pua, meno na taya zao zilianza kurekebika. Huko Marekani, Egil Harvold aliziba pua za nyani wachanga. Walifungua vinywa na taya zao zikabadilika, lakini si wote kwa namna moja.

Kwa hiyo msimhukumu mtoto kwa uso. Wengine wamerithi uso mrefu na wanapumua vizuri kabisa. Hata eksirei ya upande haitoshi, maana haionyeshi upana wa koo kutoka kushoto hadi kulia.

Na hicho kimeo? Kinaning'inia pale nyuma ya kinywa, mnakiona. Adenoidi iko juu zaidi, nyuma ya pua, haionekani. Kukata kimeo hakuifungui njia hiyo, bali kunaleta kuvuja damu, na kwa wembe mchafu, pepopunda.

Msikilizeni mtoto akilala, usiku tatu hivi. Je, anakoroma kila usiku bila mafua? Pumzi inakatika, kisha anashtuka? Mwelezeni mhudumu wa zahanati hayo yote, mwombe barua ya kwenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Waya za kunyoosha meno ni ghali sana, na kwanza ijulikane kama pua imeziba.

Yule nyanya alipewa zamu yake ya mchango wa mzunguko kabla ya wakati, apate nauli. Jirani ndiye aliyejitolea kuwasindikiza.